Maumivu yangu hayashuki kutoka saba, ila fomu zinasema napata nafuu. Nisikilize lipi?

fundi_nguo

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba kueleweshwa jambo linalonitatiza, na tafadhali msinijibu kwa mkato "fuata ushauri wa daktari". Ushauri naufuata. Ninachotaka ni kuelewa.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa makamo. Kiuno kinanisumbua miaka sasa. Picha zimepigwa, hakuna kilichovunjika wala uvimbe, na upasuaji walisema hautanisaidia. Nikapelekwa kwenye programu ya utengamao ya watu wenye maumivu sugu: mazoezi, vikao na mwanasaikolojia, kujifunza kupangilia kazi. Wananihudumia vizuri, sina ugomvi nao.

Kinachonichanganya ni vipimo. Siku ya kwanza niliulizwa maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, nikasema saba. Juzi kwenye tathmini ya katikati nikaulizwa tena, nikasema saba. Saba ileile, sikuongeza wala kupunguza. Lakini dada wa fiziotherapia akafungua faili huku anatabasamu. Ile fomu ya mgongo ya Oswestry imeshuka kutoka asilimia 46 hadi 30. Kuinuka kwenye kiti ndani ya sekunde 30 nimetoka mara 8 nimefika 13. Kutembea dakika sita kwenye korido, kutoka mita 310 hadi 405. "Umepiga hatua kubwa sana," akaniambia. Nikabaki namwangalia tu. Hatua kubwa, na kiuno kinawaka vilevile?

Halafu ipo fomu nyingine yenye sentensi 13, inauliza kama nikiumwa huwa nahofia hayataisha, kama nayawaza muda wote, mambo ya namna hiyo. Roho iliniuma kuisoma. Ndiyo kusema wananiona naumwa kichwani?

Na jambo dogo la mwisho: kwenye yale matembezi ya dakika sita, huyu dada mchangamfu aligeuka jiwe. Hasemi na mimi, hatembei na mimi, kila dakika anatoa sentensi moja kavu. Kwa nini?

Nawasilisha.

kigongo

Pole sana dada. Kwangu mimi hesabu ni rahisi: ulienda kwa sababu unaumwa, ukitoka bado unaumwa saba, hujapona. Hayo mengine ni ya kupendezesha ripoti. Na mimi nina mgongo wangu, niliwahi kupitishwa kwenye hizo fomu. Hizo mita mia nne za korido zina faida gani kama usiku sipati usingizi?

mzee_wa_korido

Dada fundi_nguo, pole na kiuno. Mimi ni mfiziotherapia, kwenye maumivu sugu nimekaa muda mrefu, na hilo jina langu linatokana na korido hiyohiyo ya mita 30 unayoilalamikia. Umeuliza kwa kina, acha nijibu kwa kina. Kaka kigongo hajakosea kila kitu, nitamrudia.

Nianze na saba yako. Hiyo ni ya kweli, na hakuna mashine ya kuipinga. Jumuiya ya kimataifa ya utafiti wa maumivu ilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, iliweka wazi kwamba maumivu siku zote ni jambo analolipitia mtu mwenyewe, na kwamba mtu akieleza kuwa anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Kwa hiyo asitokee mtu akakwambia saba yako kwa kweli ni nne.

Ila mimi nikiletewa saba huwa nauliza: saba ya kufanya nini? Ikija peke yake ni sawa na mteja akwambie "nikatie mita tatu" bila kusema anashona nini wala cha nani. Kumbuka siku ya kwanza ulipotaja saba, siku hiyo na jana yake ulikuwa umefanya kazi kiasi gani? Na juzi je? Sijakuona, lakini mtu aliyeongeza mita 95 kwenye korido kwa kawaida ameongeza na mambo mengine huko nyumbani bila hata kujitangazia. Mtu mwenye maumivu sugu akipata nafuu kidogo haiweki akiba, anaitumia. Anakaa kwenye mashine zaidi, anabeba kile alichokuwa anaomba abebewe, anaongeza mpaka anafika tena pale anapoweza kuvumilia. Pale pana namba yake, na namba yako wewe ni saba. Ndiyo maana inaweza kusimama hapohapo wakati siku yako nzima imebadilika.

Ukali wa maumivu na uwezo wa kufanya kazi vina undugu, lakini si pacha. Nimehudumia watu wa nne wasiotoka kitandani na watu wa nane wanaokwenda kazini kila siku. Watafiti wanalijua hili: kundi la IMMPACT lilipokaa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kukubaliana nini kipimwe kwenye majaribio ya tiba za maumivu sugu, halikuishia kwenye ukali. Liliweka pia utendaji wa mwili, hali ya hisia, na maoni ya mgonjwa mwenyewe juu ya mabadiliko kwa ujumla.

Sasa namba zako. Oswestry ilitolewa na Fairbank na wenzake mwaka 1980. Ina sehemu kumi: maumivu, kujihudumia mwenyewe, kuinua vitu, kutembea, kukaa, kusimama, kulala, tendo la ndoa, maisha na watu, na safari. Kila sehemu sifuri hadi tano, jumla unaigawanya kwa 50 kisha mara mia. (Angalizo la mtu wa faili: sehemu ya tendo la ndoa wengi huiruka, na ikirukwa unagawanya kwa 45. Nimekuta faili ambalo mgonjwa aliiruka mwanzoni, mwishoni akaijaza, na aliyekokotoa akagawanya kwa 50 zote mbili. Nafuu ya mgonjwa ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Kagua na yako.) Kwa madaraja ya fomu yenyewe, 41 hadi 60 ni ulemavu mkubwa, 21 hadi 40 ni wa wastani. Wewe umevuka daraja. Na kuvuka daraja peke yake kusingenitosha, maana mtu anaweza kutoka 41 hadi 40 akahesabiwa amevuka. Ninachokitazama ni ukubwa wa mabadiliko. Mwaka 2008 watafiti wa mgongo walipendekeza kwamba kwenye Oswestry pointi 10 ndizo mabadiliko ambayo mgonjwa mwenyewe huyaona yana maana, au kwa ujumla asilimia 30 ya pale alipoanzia. Wewe umeshuka 16, ambayo ni kama asilimia 35 ya 46. Umepita kote kuwili. Kwenye ile sifuri hadi kumi kizingiti ni pointi mbili. Ungekuja na sita ningesema tusubiri, ungekuja na tano ningeandika nafuu ya maumivu. Umekuja na saba, basi kwenye faili panaandikwa: utendaji umepanda, maumivu hayajabadilika. Sentensi zote mbili, na ya pili isifichwe nyuma ya tabasamu.

Kuinuka kwenye kiti: mikono imekunjwa kifuani, kiti cha urefu wa sentimita 43 hivi kimeegemezwa ukutani, unainuka mpaka umenyooka, unakaa, sekunde 30. Saa ikilia na umeshavuka nusu ya kuinuka, inahesabiwa. Ukisukuma kwa mikono, matokeo ni sifuri. Napenda kipimo hiki kwa sababu ni vigumu kukipamba. Lakini uliza kama kiti cha mara ya pili kilikuwa kilekile. Kiti kirefu zaidi kinakupa mara mbili tatu za bure.

Korido nayo ndiyo nyumbani kwangu. Koni mbili, moja kila mwisho, mita 30 kati yake. Maelekezo ni kutembea umbali mrefu uwezavyo kwa dakika sita. Unaweza kupunguza mwendo, unaweza kusimama na kuegemea ukuta, lakini saa haisimami. Yule dada hakukununia. Utaratibu unamtaka aseme maneno yaleyale kila dakika, kwa sauti ileile: unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano; endelea hivyohivyo, zimebaki nne. Ukishangiliwa unatembea zaidi. Nikitembea ubavuni kwako, unafuata mwendo wangu mimi. Tukipiga soga, pumzi inakwenda kwenye soga. Akikaa kimya mara zote, tofauti ya mita 95 inakuwa yako. Akikaa kimya mara ya kwanza na kukushangilia ya pili, sehemu yake inakuwa ya mdomo wake. Halafu kuna uzoefu: watu wengi mara ya pili hutembea mbali kidogo kwa sababu tu wameshaijua korido na kona zake. Lakini mita 95 haziwezi kuwa za kuzoea kona tu.

Fomu ya sentensi 13 ni ya Sullivan na wenzake, ya mwaka 1995. Kila sentensi sifuri hadi nne, jumla ya juu 52. Haipimi kama maumivu ni ya kweli. Hilo limeshakubalika kabla hujapewa kalamu. Inapima jinsi unavyoyawaza: kurudiarudia, kuyakuza, kujiona huna la kufanya. Kwa nini tunataka kujua? Kwa sababu hofu inabadilisha mwendo. Mtu anayeamini kila uchungu ni kitu kinachanika mgongoni ataacha kuinama, misuli italegea, na siku atakayolazimika kuinama ataumia zaidi na kusema "si nilijua". Mzunguko huo ndio Vlaeyen na Linton waliouchambua kwenye makala yao ya mwaka 2000, na ukiufahamu unaweza kuukata. Namba ya juu kwenye fomu hiyo inaniambia niende taratibu na nieleze zaidi. Ila nakubali, fomu ikitolewa bila neno hata moja la utangulizi inachoma, na kutoa neno hilo ni kazi yetu sisi.

Sasa kaka kigongo. Usingizi. Hapo una haki kabisa. Korido haiwezi kujua kama ulilala. Ndiyo maana ipo fomu fupi ya Cleeland, inayouliza maumivu makali kuliko yote, madogo kuliko yote, ya wastani na ya sasa hivi, halafu inauliza yanakuingilia kiasi gani katika mambo saba: shughuli za kila siku, hali ya hisia, kutembea, kazi, kuhusiana na watu, usingizi, na kufurahia maisha. Kama kinachokuua ni usingizi na hakuna aliyeupima, ulipimwa vibaya, na hasira yako ina msingi. Lakini kusema mita hazina faida kwa sababu hazikupimia usingizi, hapo sipo nawe.

Na moja la kwangu mwenyewe, hata hukuniuliza: sipendi mtaalamu anayeuliza "sasa ni ngapi?" baada ya kila zoezi. Unamfundisha mtu kukaa mlangoni akisubiri maumivu yapite. Fordyce, mwanasaikolojia wa maumivu, alilisema hili tangu miaka ya 1960 na 1970: mpangie mtu kiasi cha kazi kabla hajaanza, afanye kiasi hicho, apumzike. Asifanye "mpaka yatakapozidi". Maumivu yapimwe kwa ratiba, kwa swali lilelile, kisha tuendelee na kazi.

fundi_nguo

Mzee, asante sana. Hilo la kwamba nafuu huwa naitumia limenigusa mahali, maana ni kweli sasa hivi nakaa kwenye mashine mpaka nguo iishe, zamani nilikuwa nainuka kila baada ya muda mfupi. Sikuwa nimeliona kama jambo la kuandikwa.

Ila niulize: hizi fomu zote ni zao, na mimi nyumbani nifuatilie nini? Nilikuwa naandika namba ya maumivu kila saa kwenye daftari, mume wangu akaniambia hilo daftari ndilo linaloniumiza.

namba_tu

Mume wako ana hoja. Mimi si mtu wa tiba, kazi yangu ni takwimu, nimewahi kukaa na timu ya utengamao kuwachambulia data. Niseme mawili.

Kwanza, kumbukumbu ya maumivu ina upendeleo. Ukiulizwa "wiki hii ilikuwaje", kichwa hakijumlishi siku na kugawanya. Kinachukua kilele na mwisho. Redelmeier na Kahneman walilionyesha mwaka 1996 kwa wagonjwa waliokuwa wanachunguzwa utumbo: waliloliweka kichwani lilifuata zaidi dakika mbaya kuliko zote na dakika za mwisho, urefu wa shughuli haukuwa na uzito mkubwa. Kwa hiyo kama uliamka vibaya siku ya tathmini, saba yako imebeba asubuhi ile. Dawa si kuandika kila saa. Dawa ni kuandika mara chache kwa utaratibu: saa ileile, swali lilelile, na ukiandika pembeni kama ulikuwa umemeza dawa ya maumivu au la.

Pili, kama una simu inayohesabu hatua, usiangalie wastani tu. Wastani wa hatua elfu nne unaweza kuwa mtu wa elfu nne kila siku, au mtu wa elfu nane leo na sifuri kesho kitandani. Hao ni watu wawili tofauti kabisa, na kwenye maumivu sugu huyo wa pili ndiye nilikuwa namkuta mara nyingi kwenye grafu: siku ya nafuu anamaliza kazi zote, siku mbili zinazofuata yuko chali. Ukiona vilima na mabonde vinapungua urefu, hata kama wastani haujapanda, kuna kitu kimebadilika. Na simu ikae mfuko uleule, maana mwendo wa polepole wa kuburuta miguu simu nyingi haziuhesabu vizuri.

Mzee, na makosa ya kipimo mbona hukuyagusa?

mzee_wa_korido

Niliogopa kuwachosha, lakini karibu. Kila kipimo kina mtikisiko wake hata mtu akiwa hajabadilika. Mpime leo na kesho, hazitalingana. Mabadiliko madogo kuliko mtikisiko huo hayatangazwi. Roland-Morris, ile fomu nyingine ya mgongo ya kauli 24 za ndiyo au hapana ya mwaka 1983, mtu akishuka kutoka 12 hadi 10 simpongezi bado. Akifika 7 nanyanyua kichwa.

Dada, kuhusu nyumbani. Tupa daftari la kila saa. Ningekupa vitu viwili tu.

Kimoja ni maswali matatu ya kipimo kinachoitwa PEG, cha mwaka 2009, mara moja kwa wiki: kwa wiki iliyopita maumivu yako kwa wastani yalikuwa ngapi, yalikuingilia kiasi gani katika kufurahia maisha, na yalikuingilia kiasi gani katika shughuli zako kwa ujumla. Kila moja sifuri hadi kumi, unachukua wastani wa zote tatu. Unamaliza maji hayajachemka.

Cha pili ndicho ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kutumia, na kingekuwa uamuzi wangu ningeanza nacho kwa kila mgonjwa. Stratford na wenzake walikitoa mwaka 1995. Hakuna orodha iliyoandikwa na mtu mwingine. Unataja wewe mwenyewe shughuli tatu hadi tano ambazo maumivu yamekunyang'anya au yamezifanya ngumu, na kila moja unaipa namba: sifuri ni siwezi kabisa, kumi ni naifanya kama nilivyokuwa naifanya kabla ya kuumwa. Angalia, hapa kupanda ndiyo kuzuri, kinyume cha namba ya maumivu, watu huchanganya. Na uwe mchoyo wa maelezo mepesi. "Kukaa" haitoshi. Andika "kukaa kwenye cherehani nikishona suruali nzima". "Kulala" haitoshi. Andika "kulala ubavu wa kushoto bila kuamshwa na kiuno". Ukiandika hivyo, wewe na mtaalamu wako mtajua mnazungumzia kitu kimoja. Shughuli moja ikipanda chini ya pointi tatu, au wastani wa zote chini ya mbili, usishangilie kwanza, huenda ni mtikisiko.

Oswestry haijui kwamba wewe ni fundi. Hiki kinajua.

sista_wa_zamu

Naongezea kidogo kwa upande wa wodini, ili watu waelewe kwa nini namba hii ya maumivu ya sifuri hadi kumi ilipewa uzito kupita kiasi. Huko Marekani miaka ya 1990 chama cha wataalamu wa maumivu kilihimiza maumivu yahesabiwe ishara ya tano ya uhai, pamoja na joto, mapigo, upumuaji na presha. Nia ilikuwa njema, wagonjwa walikuwa wanaachwa wanaugulia. Mwaka 2001 viwango vya ukaguzi wa hospitali vikataka maumivu yatathminiwe kwa kila mgonjwa. Kilichofuata ni kwamba namba ikawa kitu cha kushushwa, na njia ya haraka ya kuishusha ni dawa. Mjadala wa mchango wa jambo hilo kwenye janga la dawa za jamii ya afyuni umeendelea kwa miaka, na mwaka 2016 chama cha madaktari cha huko kilipiga kura kuachana na dhana ya ishara ya tano.

Mimi bado nauliza namba, kila zamu. Aliyetoka kwenye upasuaji asubuhi, namba inaniongoza vizuri sana. Ila mwenye miaka mingi ya kuumwa namuuliza pia: jana uliweza nini? Majibu ya swali hilo ndiyo daktari huyasoma.

kigongo

Nimekubali nusu. Nusu nyingine bado, mzee. Unasema utendaji umepanda, maumivu hayajabadilika, ziandikwe zote mbili. Sawa. Lakini nani anamwambia mgonjwa mapema kwamba programu inaweza kuisha na maumivu yako palepale? Mimi sikuambiwa. Niliingia nikidhani natibiwa maumivu.

mzee_wa_korido

Kigongo, hilo linatakiwa kusemwa siku ya kwanza, kabla ya koni na saa. Mimi huwa nasema hivi: lengo letu la kwanza ni urudishe siku yako. Kwa baadhi ya watu maumivu hufuata yakashuka, mara nyingi kwa kuchelewa. Kwa wengine hayashuki sana. Wapo wanaoinuka na kuondoka wakisikia hivyo, na siwalaumu. Wanaobaki wanajua tunapima nini na kwa nini, na hawasomi faili lao kama wameibiwa. Kama hukuambiwa, basi ulinyimwa kitu ulichostahili.

Na swali la usingizi ungeliweka kwenye shughuli zako tatu. Hakuna anayeruhusiwa kukukatalia.

kiatu_kimoja

Samahani kuingilia mada ya watu. Mimi namba yangu ilikuwa tano kwa muda mrefu, sasa tangu juzi imeruka hadi tisa ghafla, mguu mmoja una ganzi na nikitembea kanyagio linaburuza. Hii nayo niiweke kwenye hiyo PEG kila wiki?

mzee_wa_korido

Hapana. Hiyo usiiweke kwenye fomu yoyote, nenda hospitali leo. Udhaifu mpya wa mguu haungoji wiki. Na kama kuna ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila kujua, au choo hukizuii, usisubiri hata foleni ya kawaida: nenda moja kwa moja idara ya dharura na uwaambie maneno hayohayo mlangoni. Homa pamoja na maumivu mapya ya mgongo, au mwili unakonda bila sababu, navyo vinahitaji daktari haraka. Ukishaonwa, rudi utuandikie wamesemaje.

kiatu_kimoja

Mkojo uko sawa. Natafuta usafiri sasa hivi.